Mwalimu Anajibu: Mbebwa Hujikaza, Lakini Mpaka Lini?

Toleo lililopita niliwasimulia siku niliyobebwa mgongoni. Kwa mliolikosa: nilikwenda kufuatilia faili ya pensheni yangu katika afisi moja hapa Mombasa. Afisi yenyewe iko ghorofa ya pili. Lifti ilikuwa imebandikwa karatasi iliyoandikwa "Mbovu", na karatasi imeshageuka manjano kwa kukaa. Mlinzi, kijana mwenye adabu zake, akachuchumaa mbele yangu akasema, "Panda, Mwalimu." Nikapanda. Mwanamke wa miaka 62, magongo yangu ameyashika mtu nisiyemjua, buibui limepanda mpaka vyuma vya miguu vikawa nje, na kiatu kimoja kikanivuka njiani kikarudi chini peke yake, kikigonga daraja moja baada ya jingine. Njia nzima watu wananipa pole. Mlinzi alikataa hata pesa ya soda. Nilimshukuru na bado namshukuru. Usiku wake nililia.

Barua zilizokuja ni nyingi kuliko za siku nilipoandika kuhusu karo. Baadhi yenu mmenipa pole (nimepokea), mmoja ameuliza kwa nini sikumtuma mwanangu (sina), na waliobaki mna maswali ya sheria. Mimi si wakili. Nilifundisha Kiswahili miaka 34, na polio ninayo tangu nikiwa na miaka 3. Lakini Katiba ya 2010 nimeisoma vile nilivyokuwa nikisahihisha insha za Kidato cha Nne, kalamu nyekundu mkononi. Haya, tuanze.

Mwalimu, shikamoo. Mimi ni fundi wa simu, miaka 27, natumia kiti cha magurudumu tangu ajali ya bodaboda. Kila asubuhi natoka Bamburi kwenda mjini. Makanga wakiniona stejini gari huondoka. Anayekubali hunitoza nauli mbili, yangu na ya kiti. Jumatatu mmoja aliniambia, "Bosi, hii si ambulensi." Sheria inasema nini, au ni kuvumilia tu? — Fundi, Bamburi

Marahaba, mwanangu. Kuvumilia umeshavumilia, sasa tusome.

Kifungu cha 54 cha Katiba kinampa mtu mwenye ulemavu haki ya kufika mahali pote, kutumia usafiri wa umma na kupata habari, kwa kiasi kinachofaa. Hayo maneno "kwa kiasi kinachofaa" wenye magari huyapenda sana. Hujificha humo kama panya darini. Ila usikisome cha 54 peke yake. Cha 27 kinakataza ubaguzi kwa sababu ya ulemavu, na hakiishii kwa serikali: kinasema mtu asimbague mtu. Cha 20 nacho kinasema haki hizi zinawabana watu wote. Makanga ni mtu. Mwenye gari ni mtu. Mwenyekiti wa sacco, ule ushirika wa wenye matatu, ukimkuta afisini, naye pia ni mtu.

Kabla ya Katiba tulikuwa na Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2003. Hiyo iliwapa wenye magari ya abiria miaka 2 wayarekebishe yatufae, na wenye majengo ya umma miaka 5. Hesabu mwenyewe muda huo uliisha lini. Kisha ipime matatu ya viti 14 inayosimama mbele yako kesho: daraja liko usawa wa goti, kiti cha kukunja kimeziba njia, na juu yake ameketi mama na kuku. Sheria ya 2003 imeshafutwa, Mei 2025 ikaja mpya, na mlango wa matatu ni ule ule.

Sasa hiyo nauli ya kiti. Makanga atakwambia gunia la vitunguu kutoka Kongowea hulipiwa. Sawa. Lakini gunia ni mzigo wako, kiti ni miguu yako, na mimi tangu nizaliwe sijaona abiria akitozwa nauli ya viatu.

Fanya hivi. Siku gari ikikuacha, usipoteze sauti kupiga kelele. Chukua simu yako, wewe fundi, uandike nambari ya gari, jina la sacco lililoandikwa ubavuni, saa, na steji. Andika barua ya ukurasa mmoja kwa mwenyekiti wa sacco, nakala kwa NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, nakala kwa afisi ya kaunti ya Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu. Usiandike "wananitesa." Andika: "Tarehe fulani, saa 12:40 asubuhi, gari nambari fulani, kondakta aliniambia hii si ambulensi." Maneno ya makanga yaweke ndani ya alama za kunukuu. Hakuna kitu kinachomtia mwenyekiti jasho kama alama za kunukuu.

Mimi niliwahi kuandika barua kama hiyo. Wiki tatu kimya. Nikaandika ya pili, safari hii na nakala kwa Baraza, na siku ya nne mwenyekiti akanipigia mwenyewe. Yule makanga aliyeniacha sasa akiniona huruka chini gari haijasimama, hushika magongo na kutangaza gari nzima, "Mpisheni mama wa barua!" Sijui kama hiyo ni heshima. Lakini napanda.

Mwalimu, mimi ni mtangazaji wa redio. Nilisema "viwete" hewani, msikilizaji akanikaripia. Mhariri anataka niseme "watu wenye mahitaji maalum." Bibi yangu amesema "kiwete" maisha yake yote bila nia mbaya. Tushike lipi? — Mtangazaji, Malindi

Hili ndilo swali nililokuwa nikilingoja, kwa hiyo nivumilieni.

Kuna wanaosema ubaya uko kwenye ki-. Kiwete, kipofu, kiziwi, kilema, kibyongo: lugha imetupanga pamoja na kiti, kikombe na kisu. Hoja hiyo ni tamu, nami nimewahi kuitumia kwenye semina nikapigiwa makofi. Baadaye nikaona aibu, maana ni nusu ya kweli. Kiongozi naye ana ki-. Kijana anayo, kinyozi anayo. Tena hatusemi "kiwete kimefika", twasema "kiwete amefika", kama mtu mwingine yeyote. Sarufi ilituacha tukawa watu. Waliotutoa ni wasemaji.

Watizame viziwi. Neno "kiziwi" wamelishika wenyewe. Tanzania chama chao kinaitwa Chama cha Viziwi, na ukimwita mmoja wao "mwenye matatizo ya kusikia" huenda akakuuliza, kwa mikono, ni tatizo gani hilo. Wana lugha yao na hawajioni wamepungukiwa. Kwa hiyo wao waite viziwi. Mimi niliitwa "kiguru" na watoto wa mtaa kuanzia kisimani hadi mlangoni kwetu, pamoja na mwendo wangu kuigizwa nyuma. Neno hilo mpaka leo likitajwa nageuka nyuma. Mimi usiniite hivyo. Na "zeruzeru" lizike kabisa. Sema mtu mwenye ualbino.

Katiba katika kile kifungu cha 54 haikutoa orodha ya maneno. Inasema tutendewe kwa heshima, tena tuitwe na kutajwa kwa namna isiyotudhalilisha. Yaani anayeitwa ndiye wa kuulizwa. Ukiwa hewani na huna wa kumwuliza, "mtu mwenye ulemavu" halijamkosea mtu.

Kuhusu "mahitaji maalum", mwambie mhariri wako kwamba mimi nahitaji choo ninachoweza kuingia. Yeye hahitaji?

Bibi yako mwache. Lakini wewe una maikrofoni. Na ukiwa hapo nisaidie jambo moja: ule mtindo wa "licha ya ulemavu wake, amefungua duka" uache. Alifungua duka kwa mtaji.

Salaam Mwalimu. Nina nyumba ya wageni Mji wa Kale, vyumba 6. Mgeni alipiga simu kuuliza kama kiti chake cha magurudumu kitaingia. Nikamwambia asiwe na wasiwasi, vijana wangu watambeba. Akakata simu. Nilikosea wapi? Na je, nalazimika kujenga rampu, na nyumba ni ya babu? — Mwenye nyumba, Mombasa

Ulikosea kwenye "watambeba." Wewe ulidhani umempa ukarimu, na naamini ulitoka moyoni, sisi watu wa Pwani mgeni tungembeba mpaka kitandani. Yeye alisikia kwamba kila akitaka kutoka kununua maji itabidi awatafute vijana wawili kwanza, na akirudi usiku awaamshe.

Jibu la sheria ni fupi. Nyumba yako imefunguliwa kwa umma, na ule ubaguzi wa kifungu cha 27 unakuhusu hata kama mlango ni wa babu.

Jibu la fundi ni refu kidogo, nalo ndilo lenye faida. Chukua futi utoke nje. Kipimo cha rampu kinachokubalika ni moja kwa kumi na mbili: kila sentimita 1 ya kupanda yataka sentimita 12 za kwenda mbele. Daraja la mlango wako likiwa sentimita 20, rampu yataka sentimita 240. Kwa vichochoro vyetu, ukitoa ubao wa urefu huo moja kwa moja kutoka mlangoni utaingia sebuleni kwa jirani. Basi ulaze ubavuni mwa ukuta, juu yake uweke kituo bapa mbele ya mlango ambapo kiti kinaweza kugeuka. Tena usitie simiti. Mji wa Kale ni eneo la kuhifadhiwa, na uso wa nyumba haubadilishwi bila ruhusa ya watu wa uhifadhi. Mwite seremala akutengenezee rampu ya mbao ya kuweka na kuondoa, vipande viwili vyenye bawaba. Juu yake apigilie vipande vya tairi kuukuu, ile sehemu yenye meno, ili mvua ikinyesha magurudumu na magongo yashike. Pembeni aweke ukingo wa vidole viwili, gurudumu lisichomoke.

Nasema hivyo kwa kuwa nimeziona rampu za sura tu. Kuna mahali mjini, sipataji, wamejenga rampu ya vigae vinavyong'aa, mwinuko wake kama paa la makuti. Nikaweka gongo la kulia, likateleza. Nikatazama juu: mlangoni wameweka chungu kikubwa cha maua katikati. Nikamwuliza askari ni nani huipanda. Akasema, "Ni ya mkokoteni wa maji, mama."

Mlango wako kama ni wa kale una mbao mbili. Zifungue zote, upime nafasi. Kizingiti kipatie kabari ya mbao kila upande. Kisha nenda chooni, maana hapo ndipo nyumba nyingi hushindwa. Mlango ufungukie nje. Ukifungukia ndani, mtu akiingia na kiti hawezi tena kuufunga, na mimi nimewahi kujisaidia nikiwa nimeshikiwa khanga mlangoni na mhudumu wa mkahawa. Karibu na choo weka chuma cha kushika kilichochimbiwa ukutani, si kile cha kutundikia taulo.

Vipimo vyote viandike karatasini, vikae karibu na simu. Akipiga mgeni mwingine mwambie: "Daraja moja, sentimita 20, rampu ipo. Mlango wa chumba sentimita 78. Choo 70." Mwenye kiti anajua upana wa kiti chake kama unavyojua saizi ya kiatu chako. Ataamua mwenyewe. Na kama choo ni 70 na kiti chake ni 68, atacheka, atakuja.

Mwalimu, nafanya kazi katika kampuni moja na nina ulemavu wa mkono. Wenzangu wakijua silipi kodi wananuna, wanasema tunapendelewa. Tena wanasema sheria mpya itatujaza makazini. Niwajibu nini? — Mhasibu, Nairobi

Usiwajibu, wewe ni mhasibu, wape hesabu.

Msamaha ni wa shilingi 150,000 za kwanza za mshahara kwa mwezi. Zinazozidi hapo zinatozwa kama kawaida. Na hauji wenyewe: ujiandikishe na Baraza, upeleke maombi, upate cheti cha KRA, mamlaka ya kodi.

Kisha waulize nauli yao ya kuja kazini. Nilipokuwa nikifundisha, mwenzangu wa dawati la pili alikuwa akija kwa matatu, mimi kwa tuktuk niliyokodi peke yangu, kwenda na kurudi, miaka na miaka. Hakuna aliyenuna kwa niaba yangu.

Kuhusu kujazwa: sheria ya 2025 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi atenge asilimia 5 ya nafasi kwa watu wenye ulemavu. Asilimia 5 ya 20 ni mtu 1. Wakihofia kufurika kwa mtu mmoja, wape magongo yangu wajaribu.

Mwalimu, binti yangu ni kiziwi, ana miaka 19. Nilimpeleka hospitali kwa maumivu ya tumbo. Daktari akawa ananiuliza mimi, nami namwuliza binti kwa ishara zetu za nyumbani. Alipofika kwenye maswali ya hedhi na wavulana, binti aliweka mikono mapajani, hakusema kitu tena. Tulirudi na panado. Ningefanyaje? — Mama wa Ukunda

Mama, pole. Hayo ya mikono mapajani nimeyaona darasani mara nyingi.

Katiba inampa binti yako haki ya kutumia lugha ya ishara, kifungu kile kile cha 54. Lugha ya ishara ya Kenya si ya kubahatisha: kifungu cha 120 kinaitaja kuwa lugha rasmi ya Bunge, pamoja na Kiswahili na Kiingereza. Yaani mbunge anaweza kuhutubia kwa mikono. Sasa niambie kama inafaa Bungeni, itakosaje kufaa kwenye chumba cha daktari? Na faragha ya mtu ni haki yake pia, kifungu cha 31, hata kama anayesikiliza ni mama aliyemzaa.

Ukirudi, na urudi, maana tumbo halijatibiwa, nenda kabla ya siku yenyewe ukamwone msimamizi wa hospitali. Mpe barua: mgonjwa ni kiziwi, anahitaji mkalimani wa lugha ya ishara siku fulani saa fulani. Baki na nakala iliyogongwa muhuri. Wakisema hawana, waulize Baraza au chama cha viziwi kilicho karibu, ndio wanaojua wakalimani wako wapi. Mwombe binti achague, na kama anataka mwanamke aseme. Ikishindikana kabisa na yeye anasoma, daktari achukue kalamu, aandike maswali, yeye ajibu kwa kuandika.

Halafu wewe, mama yangu, utoke nje ukae kwenye benchi. Najua ni vigumu. Umekuwa masikio yake miaka 19. Lakini kuna mambo hata wewe hukumwambia mama yako.

Na hizo ishara zenu za nyumbani zitunze, ila jifunzeni nazo lugha yenyewe, nyote wawili. Za nyumbani hazina neno la hedhi, ndiyo maana ulitumia kidole kuonyesha, na ndiyo maana akaona haya. Nimekisia tu. Kama nimekosea nisamehe.

Mwalimu, mimi ni mzaliwa wa Majengo, Mombasa, sasa niko Marekani. Nilimleta mama mwaka huu, anatumia kiti cha magurudumu. Siku ya kwanza basi lilifika, likapiga magoti upande wa mlango, dereva akateremsha ubao, mama akaingia. Akaniuliza, "Hawa watu wana roho nzuri hivi?" Sikujua nimjibu nini. Ni roho au ni sheria? — Mwana wa Majengo

Mwambie mama ni sheria, na sheria yenyewe haikutoka kwenye roho nzuri ya mtu.

Julai 1978 katika mji wa Denver, watu 19 wenye ulemavu walizuia mabasi ya mji makutanoni. Walishuka kwenye viti vyao wakalala barabarani mbele ya basi, wakakesha hapo. Walichotaka ni mabasi yenye lifti.

Miaka 12 ilipita. Tarehe 12 Machi 1990, Washington, mswada wa haki za watu wenye ulemavu ukiwa umekwama, watu waliacha viti na magongo chini ya ngazi za Bunge lao, wakazipanda kwa kutambaa, kwa viwiko, kwa makalio, mgongo mbele. Mmoja wao alikuwa mtoto wa kike wa miaka 8. Tarehe 26 Julai mwaka huo Rais George H. W. Bush akaitia sheria sahihi, na humo ndimo lilimo sharti la basi jipya la umma kumpakia mama yako.

Nilipozisoma habari za ngazi zile nilikumbuka kiatu changu. Wenzetu wangeweza kubebwa siku ile. Vijana wenye mabavu hawakukosekana. Walitaka wabunge waone inavyokuwa.

Msije mkadhani hapa hatuna sheria. Kenya iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2008, na Katiba kifungu cha 2 inasema mkataba tulioridhia ni sehemu ya sheria zetu. Tena ukipeleka kesi ya kuvunjiwa haki za kimsingi, kifungu cha 22 kinakataza kutozwa ada ya kuifungua. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini hatuziendei mahakama kwa wingi. Sababu moja naijua. Ndugu zetu hutubeba, nasi tunaona haya kumshitaki mwenye ngazi ilhali mpwa wake ndiye aliyekushika mguu wa kushoto.

Mama akirudi mwambie aniandikie. Nataka kujua basi likipiga magoti hutoa sauti gani.

Mwalimu, mimi ni mzee wa miaka 72, zamani kuli wa bandarini Kilindini. Mwaka jana nilikatwa mguu kwa sukari. Mjukuu wangu ananisumbua nikajiandikishe na Baraza. Mimi si mlemavu, nimekatwa mguu tu. Hiyo kadi ya nini? Natoka mara chache, hata Ijumaa nimeacha, msikiti wetu una ngazi nne. — Mzee wa Changamwe

Shikamoo, mzee wangu. Barua yako nimeisoma mara nne.

Sitabishana nawe jina. Mimi sikumbuki kutembea kwa miguu mitupu, kwa hiyo sijui mtu hupoteza nini anapolala hospitali na miguu miwili akaamka na mmoja. Ukisema hujawa mlemavu, hujawa. Nami siku zako za kupanda meli na gunia mgongoni siwezi kuzichukua nikazibadilisha kwa kadi.

Ila kadi ichukue. Ichukue kama ulivyochukua ile pasi ya getini Kilindini, ambayo nayo haikusema wewe ni nani, ilikufungulia geti tu. Safari yake huanzia hospitali ya serikali, ambako daktari aliyeidhinishwa atakupima na kujaza fomu; kisha fomu iende kwa Baraza. Baraza lina mfuko wa vifaa, na ukishaandikishwa unaweza kuomba kiti, magongo au mguu wa bandia. Usingoje uhitaji ndipo uombe, foleni ni ndefu. Mjukuu wako ana akili, msikilize katika hili moja, mengine mkatae.

Sasa hizo ngazi nne. Umezitaja mwishoni kabisa, kama mtu anayetaja jambo dogo mkono uko kwenye kitasa.

Kila moja ina kimo gani? Ikiwa ni sentimita 15, zote ni 60, na rampu itataka mita 7 na ushee, labda ikunjwe mara moja ukutani. Uwanja wa msikiti unatosha? Mwambie mjukuu aende na futi Alhamisi baada ya Isha, watu wakishatoka, apime kimo cha kila daraja, upana wake, na urefu wa ukuta ulio kando. Apime na ukingo wa mahali pa kutawadhia. Aniletee kwenye karatasi. Imamu nitamwandikia mimi. Nusu ya kamati yake niliwafundisha.